Naomba ushauri: bima binafsi kwa mama mwenye sukari

Habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni mwalimu hapa Dodoma, nakatwa asilimia 3 ya mshahara kwa ajili ya NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) na mwajiri anaongeza 3. Nafasi zangu nne za wategemezi zimejaa watoto, na moyo wangu haukubali kumtoa hata mmoja.

Mama ana miaka 66, yuko Kondoa, ana sukari na presha. Tulimkatia CHF iliyoboreshwa (bima ya mfuko wa afya ya jamii), tuliyolipia shilingi 30,000 kwa kaya. Imemsaidia sana zahanati na kituo cha afya, lakini mwisho wake ni hospitali ya mkoa. Mwezi uliopita alipewa rufaa kwenda hospitali ya kanda kwa ajili ya macho, tukalipa taslimu. Nilikopa.

Nimeulizia bima binafsi mbili. Moja imemkataa kwa umri. Nyingine inamchukua, ila magonjwa aliyonayo tayari yanasubiri mwaka mzima kabla ya kulipiwa, na sukari ndiyo inayomsumbua leo!

Aliyewahi kumkatia mzazi bima binafsi: huo mwaka ulipokwisha, walilipa kweli dawa za sukari? Na mdogo wangu akiajiriwa serikalini, anaweza kumwandikisha mama moja kwa moja?