Mjadala: Gharama za kumhudumia mtu nyumbani zibebwe na nani, na zijulikane lini?

Mleta mada

Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo ambalo wengi wetu hulifikiria siku ambayo tayari limetufika. Mtu aliyepatwa na kiharusi, au aliyefikishwa na uzee mahali ambapo hawezi tena kuoga, kuvaa, kula wala kwenda msalani bila msaada, hutibiwa hospitalini kwa utaratibu unaoeleweka, uwe wa bima, wa kodi au wa fedha taslimu. Akisharuhusiwa kurudi nyumbani, utaratibu huo hukatika. Kuogeshwa si tiba, kwa hiyo bima ya afya mara nyingi haikuhusishi. Wala si kazi ya kawaida ya nyumbani, kwa sababu inagusa stara ya mtu na inahitaji mhudumu anayejua kumgeuza mgonjwa bila kumwumiza. Ndipo familia inapoanza kuzunguka ofisi moja baada ya nyingine ikiuliza nani atalipa, na kila ofisi ina jibu lake.

Msimamo wangu ni huu: serikali inaweza kuamua kwamba mwananchi alipe yote, alipe sehemu au asilipe chochote, na kila uamuzi una watetezi wenye hoja nzuri, lakini haina haki ya kumwacha asijue. Tume iliyoongozwa na mchumi Andrew Dilnot, ambayo ilitoa ripoti yake kuhusu England mwaka 2011, ilikadiria kwamba kati ya watu wenye umri wa miaka 65, robo watatumia fedha kidogo sana kwa huduma za namna hii katika maisha yao yaliyobaki, ilhali mmoja kati ya kumi atakabiliwa na gharama inayozidi pauni 100,000. Hakuna anayejua mapema ataangukia kundi lipi. Anayejiwekea akiba ya kukidhi balaa kubwa anaweza kufa ghafla akiwa amejinyima bure, na asiyejiwekea anaweza kuishi miaka mingi akiwa kitandani. Hatari ya aina hiyo haiwezi kubebwa na mfuko wa mtu mmoja, hata awe mwenye nidhamu kiasi gani.

Tume ile ilipendekeza kikomo: mtu alipe mwenyewe hadi pauni 35,000 katika maisha yake, na zaidi ya hapo umma ubebe. Yaliyofuata ndiyo yaliyonifanya nilete mada hii. Sheria ilipitishwa mwaka 2014, na kikomo kikapangwa kuwa pauni 72,000 kuanzia Aprili 2016. Mwaka 2015 kikaahirishwa hadi 2020, kisha kikaachwa kabisa. Mwaka 2021 kikatangazwa kikomo kingine, cha pauni 86,000, kianze Oktoba 2023. Mwaka 2022 nacho kikaahirishwa hadi Oktoba 2025. Na Julai 2024 serikali iliyokuwa imeingia madarakani mwezi huohuo ikakifuta. Mwaka 2025 ikaundwa tume nyingine, ambayo ilipewa hadi 2028 kukamilisha kazi yake. Aliyekuwa na umri wa miaka 65 ripoti ya Dilnot ilipotoka atakuwa na 82 ripoti hiyo ya mwisho itakapotoka, kama atakuwa hai. Naomba maoni yenu.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, kuhusu hatari isiyojulikana tuko pamoja. Hata hivyo, mfano uliouchagua ni wa nchi inayogharimia huduma hizi kwa kodi na kwa kupima mali za watu, na ndiyo maana kila waziri wa fedha aliyekabiliwa na bajeti ngumu aliweza kulisogeza jambo mbele. Nchi zilizoifanya kuwa bima ya lazima hazikuyumba kwa kiwango hicho. Ujerumani ilianza mwaka 1995, Japani mwaka 2000, Korea Kusini mwaka 2008, na zote bado zinaendelea. Sababu naiona katika makato yenyewe: mtu anayekatwa mshahara kila mwezi kwa jina la huduma hiyo anajihesabu kuwa mdai, na wanasiasa huogopa sana kundi kubwa la wadai.

Huko Ujerumani mwombaji hupimwa na kuwekwa katika daraja moja kati ya matano, na kila daraja lina kiasi chake kilichoandikwa. Mwenye daraja la pili, kwa viwango vya mwaka 2025, anaweza kupata huduma za shirika lenye wahudumu zenye thamani ya hadi euro 796 kwa mwezi, au akachagua fedha taslimu euro 347 na kumpa binti yake au jirani anayemhudumia. Ndugu anayemhudumia kwa saa za kutosha kila wiki huchangiwa pia katika mfuko wa pensheni. Huenda kiasi hicho hakitoshi, lakini familia inaweza kukaa mezani na kupiga hesabu.

Naomba pia nimjibu mapema atakayesema kwamba kila mtu ajinunulie bima yake. Marekani imelijaribu hilo kwa miongo kadhaa. Kampuni nyingi zilizouza bima hizo zilikosea makadirio ya urefu wa maisha ya wateja wao, zikapandisha ada kwa watu ambao tayari walikuwa wazee, na nyingi zikajitoa katika biashara hiyo. Mwaka 2010 serikali ya nchi hiyo nayo ilitunga sheria ya bima ya hiari ya umma, ambayo ilifutwa mwanzoni mwa 2013 kabla haijamlipa mtu hata mmoja, kwa kuwa haikuweza kuthibitishwa kwamba ingejiendesha. Mfuko wa hiari huvutia kwanza wale wanaojua kwamba wataugua, na ada zikipanda kwa sababu yao, wenye afya hukaa mbali zaidi.

Mchangiaji wa pili

Sipingi bima. Ninachopinga ni kuisifu bila kusema inaishia wapi. Bima ya Ujerumani ilibuniwa tangu mwanzo kuwa ya kubeba sehemu tu ya gharama: kiasi kimewekwa, na kinachozidi ni cha mgonjwa na familia yake. Mchango ulioanza kwa asilimia 1 ya mshahara mwaka 1995 ulifika asilimia 3.6 mwaka 2025, na kwa wasio na watoto ni zaidi ya hapo. Waajiri walipolalamika mwanzoni, walifidiwa kwa kuondolewa sikukuu moja ya kidini katika majimbo yote isipokuwa Saxony. Japani nayo ilianza kwa kumtaka kila mhudumiwa alipe asilimia 10 ya gharama. Mwaka 2015 wenye kipato kizuri zaidi wakaambiwa walipe 20, na mwaka 2018 baadhi yao 30. Mtu aliyeanza kuchangia akiwa na miaka 40, kama sheria yao inavyotaka, amebadilishiwa masharti akiwa njiani. Uhakika wa namna hiyo nauona mwembamba.

Kuna pia suala la haki ambalo mleta mada amelipita haraka mno. Kikomo cha malipo humlinda zaidi mwenye mali, kwa sababu asiye na kitu tayari huduma zake hulipiwa na umma. Kijana wa kipato cha chini, ambaye hana nyumba wala matumaini ya kuipata, akikatwa mshahara ili nyumba ya mzee fulani ibaki salama kwa warithi wake, tumemsaidia nani? Binafsi naona nyumba kuwa mali kama mali nyingine, na si dhambi ikitumika kumtunza aliyeijenga.

Nakiri kwamba kisiasa jambo hilo ni moto. Katika England, mtu anayehudumiwa kwake, thamani ya nyumba yake haihesabiwi anapopimwa uwezo wa kulipa, lakini akihamia katika makao ya wazee huweza kuhesabiwa, isipokuwa, kwa mfano, mwenzi wake akiwa bado anaishi humo. Mei 2017, katikati ya kampeni za uchaguzi, chama cha waziri mkuu Theresa May kilipendekeza nyumba ihesabiwe hata kwa anayehudumiwa nyumbani, deni likatwe baada ya kifo chake, na pauni 100,000 za mwisho zisiguswe. Wapinzani waliuita mpango huo kodi ya kupoteza kumbukumbu. Baada ya siku nne tu waziri mkuu alilazimika kuongeza ahadi ya kikomo ambayo haikuwamo katika ilani. Pendekezo lile lilikuwa na hoja ndani yake, na halikupata hata wiki moja ya kujadiliwa kwa utulivu.

Mchangiaji wa tatu

Ndugu zangu mliotangulia, mimi hufanya kazi hii ya kuwahudumia watu majumbani mwao, na nasikitika kidogo kuona tumefika hapa bila kuuliza ni kitu gani hasa kinacholipiwa. Chukueni mfano wa Uskoti, ambako tangu Julai 2002 wenye miaka 65 na kuendelea hawatozwi kwa huduma za mwili, na tangu Aprili 2019 haki hiyo imewafikia na walio chini ya umri huo. Kuogeshwa, kuvishwa, kusaidiwa kula na kwenda msalani ni bure kwa aliyepimwa na kuonekana anastahili. Kufuliwa nguo, kufagiliwa na kununuliwa mahitaji vinaweza kutozwa. Katika karatasi mpaka huo ni safi, ila chumbani haupo. Nikimwogesha mama aliyejichafua, shuka ni sehemu ya kumwogesha au ni kufua? Mstari huo ukichorwa vibaya, familia itapokea ankara kwa jambo ambalo iliambiwa ni bure, na atakayesikia lawama zake ni mimi niliye mlangoni.

Jambo la pili ni upimaji. Mtu anayepoteza kumbukumbu huweza kuamka siku ya kutembelewa na mpimaji akiwa mchangamfu, akajibu kila swali kwa adabu, akasema anajivalisha mwenyewe. Ripoti itaandikwa kwamba anajiweza. Wazee wengi huficha udhaifu wao mbele ya mgeni, na sioni kosa lao katika hilo. Kosa ni la utaratibu unaomwamini mtu mmoja, katika ziara moja, bila kumsikiliza anayelala naye nyumba moja.

Na mshahara wetu je? Mnapobishana kama mzee alipe au kodi ilipe, kumbukeni kwamba kwa sasa sehemu kubwa ya gharama hulipwa na wanawake wanaofanya kazi hii kwa malipo duni au bila malipo kabisa. Juni 2021 mahakama kuu ya kazi ya Ujerumani iliamua, katika shauri la mhudumu kutoka Bulgaria aliyeishi na mzee, kwamba kima cha chini cha mshahara kinahusu hata saa za kukaa tayari kuitwa usiku. Uamuzi huo nauona wa haki kabisa, ingawa ulizifanya familia nyingi zitambue kwamba hesabu zao zilisimama juu ya saa ambazo hakuna aliyezilipia.

Mleta mada

Dada, hoja yako ya mpaka naipokea, na imeniongezea jambo: uhakika wa fedha hauna maana bila uhakika wa tafsiri. Orodha ya kinacholipiwa iandikwe kwa lugha ya kawaida, apewe mhudumiwa kabla huduma haijaanza, na shaka yoyote ihukumiwe kwa faida yake.

Kwa ndugu wa pili, sikatai nyumba ihesabiwe. Ninachokataa ni nyumba kuhesabiwa kwa mgonjwa wa kupoteza kumbukumbu na kusahauliwa kwa mgonjwa wa moyo anayefanyiwa upasuaji wa gharama kubwa kwa fedha za umma. Kama mali itachangia, ichangie kwa kodi ya mirathi inayowahusu wote, si kwa bahati ya aina ya maradhi. Kuhusu makato, jimbo la Washington nchini Marekani lilianza Julai 2023 kukata asilimia 0.58 ya mshahara kwa ajili ya mfuko wa huduma za muda mrefu, wenye kiwango cha juu cha dola 36,500 kwa mtu katika maisha yake, na malipo yalipangwa kuanza Julai 2026. Novemba 2024 wapiga kura waliulizwa kama mfuko huo ugeuzwe kuwa wa hiari, wakakataa. Hiyo ni ishara kwamba watu wanaweza kukubali kukatwa, mradi waelezwe watapata nini.

Mchangiaji wa nne

Samahani kwa kuingia nimechelewa. Mimi nina miaka 67 na sina mshahara wa kukatwa. Mifuko hii yote mnayoitaja inanihusu vipi?

Mchangiaji wa kwanza

Shikamoo mzee wetu. Inategemea mfuko umejengwa vipi. Ule wa Ujerumani unatumia michango ya leo kulipia mahitaji ya leo, na kwa sababu hiyo makato yalianza Januari 1995 na malipo ya huduma za nyumbani yakaanza Aprili mwaka huohuo, kwa watu ambao walikuwa hawajachangia zaidi ya miezi mitatu. Wastaafu nao huchangia kutoka katika pensheni zao. Washington wamechagua kwamba haki ipatikane kwa miaka ya kuchangia, na waliozaliwa kabla ya 1968 hupata asilimia 10 ya haki kamili kwa kila mwaka waliochangia. Aliyekwisha kustaafu kabla makato hayajaanza hana chochote humo. Kwa hiyo nchi yoyote itakapoleta muswada wa namna hii, swali lako ndilo la kwanza kuulizwa, na lisijibiwe kwa kanuni zitakazotungwa baadaye na waziri. Liandikwe ndani ya sheria yenyewe, pamoja na tarehe.