Valvu sili za Carina Ti (5A) bila kushusha hedi: ninunue kibanio gani cha springi?

Chuma_Mafinga

Wakuu habari za jioni. Nina kigereji hapa Mafinga, miaka minne nimeshika bodaboda tu, magari ndiyo nimeanza mwaka huu. Hedi ya Boxer inakaa kiganjani, unaibana na kile kibanio kidogo cha umbo la G, loki (vile vipande viwili vidogo vinavyoshika springi kwenye shina la valvu) zinatoka, chai haijapoa.

Sasa nimeletewa Carina Ti ya mwalimu mmoja, injini 5A. Asubuhi ukiiwasha linatoka wingu la bluu, halafu inatulia. Mwenyewe anasema akitoka Iringa kwenda Moro, akishamaliza kushuka Kitonga na kukanyaga mafuta, wa nyuma yake hawaoni barabara. Kompresheni nimepima, silinda zote nne zinakaribiana. Nikasema hizi ni valvu sili, vile vimpira vinavyozuia oili isishuke kwenye mashina ya valvu.

Hedi sitaki kuishusha, maana gasketi na kusaga uso mwalimu hana bajeti hiyo. Nikaenda dukani Iringa nikaomba "kompresa ya springi", kijana akanipeleka moja kwa moja kwenye kompresa za upepo. Tulipoelewana akanitolea vitu vitatu: G kubwa, kingine kina uma wa kukandamiza kwa mkono, na kingine kama bomba fupi lenye sumaku ndani, hilo unaligonga na nyundo. Sikununua. Nichukue kipi? Na hiyo valvu itashikwa na nini isizame ndani springi ikitoka?

babu_gerezani

Kijana, umefanya jambo moja ambalo wengi hawafanyi: umepima kwanza. Moshi wa kushuka mlima ni sili, moshi wa kupanda ni ringi. Ukishuka Kitonga mguu umetoka kwenye mafuta, injini inavuta hewa na mlango wa hewa umefungwa, basi inanyonya oili kupitia pembeni ya mashina ya valvu. Ukikanyaga tu, ile oili yote inaungua kwa pamoja.

G iache dukani. Mguu wake mmoja lazima ukanyage uso wa valvu kule kwenye chumba cha moto. Hedi iko juu ya injini, huo mguu utaupitisha wapi? Uma ulikuwa mzuri kwenye injini za roka kama 4K, springi ziko wazi juu unaziona. 5A springi zake zimezama ndani ya mashimo ya tapeti (vile vikombe vinavyosukuma valvu), uma haufiki.

Unachotaka ni kile cha daraja. Ni chuma bapa kinachofungwa juu ya hedi kwa matundu yaleyale ya vifuniko vya kemshafti (ile mihimili inayofungua valvu), kina mkono wa kukandamiza na kikombe chembamba kinachoingia shimoni. Hapo kwenye kikombe ndipo watu wanapoumia. Nenda na vernia, pima upana wa shimo la tapeti na upana wa kofia ya springi (kisahani cha juu yake). Kikombe lazima kikalie kofia na bado kipite shimoni bila kugusa ukuta. Ukuta wa shimo ni aluminiamu, ukiuchuna tapeti inakwama, na hapo hedi utaishusha upende usipende. Changu nilikichonga mwenyewe kwa kipande cha bomba, nikakata madirisha mawili kwa grainda ili kibano kipite kuchukua loki, nikapiga msasa kingo zote mpaka nikawa naweza kupitisha kidole bila kusikia kitu.

Na kabla hujagusa kemshafti: zile mbili zinazungushana kwa gia, na gia moja ina vipande viwili vinavyovutana kwa springi. Ina tundu la bolti ya M6. Ifunge hiyo bolti kwanza ndipo ulegeze vifuniko, kidogokidogo, vyote kwa pamoja. Ukilegeza upande mmoja tu kemshafti inaweza kupasuka mikononi mwako.

nyundo_moja

Babu mambo mengi. Mimi natumia hilo bomba la sumaku mwaka wa sita huu, gonga moja loki ziko ndani ya bomba. Hata boksi ya spana na kisumaku inafanya kazi.

babu_gerezani

Kutoa sikatai. Hata mwenye kibanio kizuri agonge kofia kidogo kwanza, loki zikishagandiana na kofia utakandamiza mpaka mkono upinde. Nakuuliza kurudisha. Unarudisha kwa kugonga?

nyundo_moja

Kurudisha naazima kibanio cha jirani 😅

babu_gerezani

Haya.

Chuma, swali lako la valvu kuzama. Kuna njia ya upepo: unafunga mpira wa kompresa kwenye tundu la plagi, bar 6, upepo unashikilia valvu juu. Nimeifanya sana, na kovu ninalo. Pistoni ya 5A ina kipenyo cha milimita 78.7, kwa bar 6 inasukumwa chini kwa nguvu inayokaribia kilo 300. Kama haiko juu kabisa, krenki itazunguka. Mimi nilisahau spana kwenye puli, ikanipiga kiwiko. Na umeme ukikatika huku mpira unavuja, unajua mwenyewe.

Wewe tumia kamba ya manila, ya milimita 8 hivi. Piga fundo ncha moja ibaki nje. Shusha pistoni kidogo, ingiza kamba kwa tundu la plagi mpaka ijae, halafu zungusha krenki taratibu kwa mkono mpaka ikaze. Pistoni inaibana kamba, kamba inazibana valvu. Kemshafti zimeshatoka kwa hiyo valvu zote zimefunga, huna haja ya kutafuta mpigo wa kompresheni. Namba 1 na 4 zinapanda pamoja, 2 na 3 pamoja, ukiwa na kamba mbili unafanya silinda mbili kwa mkao mmoja. Ziba matundu yote ya kurudisha oili kwa matambara. Loki ziko 32, zihesabu.

Chuma_Mafinga

Shikamoo mzee. Narudi na majibu, imenichukua siku mbili na nusu.

Kikombe nimechongewa na jamaa wa kuchomelea hapa jirani. Cha kwanza kiligusa ukuta nikakikataa, cha pili kikapita. Kamba imefanya kazi vizuri kuliko nilivyoamini, ukigonga kofia unasikia mlio mzito kabisa, valvu haiendi popote. Sili za zamani zilikuwa ngumu kama plastiki ya ndoo, moja imenivunjikia kwenye plaizi. Kurudisha loki nimezipaka grisi nikazibandika kwenye ncha ya bisibisi ndogo, hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nyundo_moja anaazima kwa jirani.

Silinda ya tatu nikahesabu loki nikapata pungufu moja. Nimevua shati, nimemulika tochi kila tundu, nimetaka kufungua sampu. Ilikuwa imenata nyuma ya sumaku ya spika ninayowekea bolti.

Mwalimu ameshuka Kitonga jana, kasema moshi hamna. Ila anasikia tik-tik tangu ameichukua, upande wa egzosi. Tapeti na shimu zake (visahani vya kurekebisha nafasi ya valvu) nilizipanga kwa mstari kwenye trei za mayai, trei moja kwa kila upande, lakini sikuandika mbele ni wapi. Mke wangu alifagia pale siku ya kwanza jioni, na anakumbuka aliisogeza trei moja.

babu_gerezani

Marahaba. Basi trei iligeuka, namba 1 imekaa kwa 4 na 4 kwa 1. Fungua kifuniko cha juu upime nafasi zote nane za valvu za egzosi kwa fila geji (vile vibamba vyembamba vya kupimia) injini ikiwa baridi, uziandike, ndipo uniletee hapa. Usitoe shimu hata moja kabla hujaandika.

Chuma_Mafinga

Sawa mzee. Gari inarudi Jumamosi.