Kama hatuwapangii masomo, kwa nini tuwapangie runinga?

Mama Pacha, Ngong
Habari zenu. Pacha wangu wana miaka tisa na hawajawahi kukaa darasani. Hata nyumbani hatufuati mtaala. Wanajifunza wanachokitaka kwa wakati wao, kazi yetu ni kujibu maswali na kutafuta vitabu. Kilichotugawa mimi na mume wangu ni runinga. Yeye anataka saa moja kwa siku, basi. Mimi nasema kama namwamini mtoto achague lini atafanya hesabu, nitamnyang'anyaje rimoti?
Juzi mvua ilinyesha kutwa. Walikaa mbele ya TV tangu chai ya asubuhi mpaka saa tisa. Nilipokwenda kutoa vikombe nikakuta chai imeshika utando, mkate haujaguswa. Niliogopa. Kesho yake mmoja akachukua kamba, akawa anapima kivuli cha mparachichi asubuhi, mchana na jioni, kwa ajili ya kitu alichokiona humo humo. Sasa niwapime kwa siku ipi?

Mwalimu Mstaafu
Dada, runinga ni jambo dogo hapo. Huko kwenu Kenya kuna Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, na inamtaka mzazi ampeleke mtoto shule. Nimefundisha darasa la kwanza miaka 31. Mtoto asiye na ratiba ni mtoto asiye na mlezi.

Mama Pacha, Ngong
Mwalimu, nakuheshimu, lakini "asiye na mlezi" hapana. Niliacha kazi kwa ajili ya hawa watoto. Nalala wakilala, naamka wakiamka. Najua jino gani la nani linalegea. Shule ya kwanza tuliyotaka kuwapeleka ilikuwa na watoto 60 na kitu kwa mwalimu mmoja. Huyo mlezi wa 60 angeniambia nini kuhusu wangu?

Mwalimu Mstaafu
Mimi nimewafundisha 90 chini ya mwembe na wakajua kusoma. Usimdharau mwalimu wa watu wengi.

Baba Neema
Turudi kwenye TV. Shirika la Afya Duniani lilishasema saa moja kwa siku kwa watoto. Mume wako yuko sahihi.

Muuguzi wa Zamu
Kaka, mwongozo ule wa 2019 unahusu watoto wa chini ya miaka mitano. Wa miaka miwili hadi minne ndio wasizidishe saa moja, na ikipungua ni bora zaidi. Wa mwaka mmoja kushuka hawatakiwi kabisa. Wa miaka tisa hawamo. Mimi ningeuliza: wanalala saa ngapi, wanakimbia, macho yakoje?

Msomaji wa Moshi
Na aliyeanza kulipa jina jambo hili la kujifunza bila mtaala, John Holt, alikuwa mwalimu wa Marekani. Mwaka 1977 alianzisha jarida la wazazi wasiopeleka watoto shule. Hoja yake ni kwamba mtoto tayari anajifunza, tusimzuie. Ukifuata hoja hiyo, na runinga imo.

Mwalimu Mstaafu
Huyo Holt alikuwa na watoto wangapi?

Msomaji wa Moshi
Hakuwa na mtoto, mwalimu. Lakini alikaa na watoto darasani akiwatazama na kuandika kila kitu.

Mwalimu Mstaafu
Basi nimemaliza.

Shangazi wa Tanga
Hujamaliza, umekwepa. Ila mimi nina jambo lingine. Holt alifariki 1985. Runinga ya siku zile ilikuwa inafunga: wimbo wa taifa, halafu chenga. Hii ya leo kipindi kikiisha kingine kinaanza chenyewe, mtoto hajanyanyua hata kidole. Kumwachia achague ni sawa, lakini hapo amechagua nini?

Mzee wa Morogoro
Shangazi kasema kweli. Sisi Tanzania nzima hatukuwa na runinga mpaka 1994, Mwalimu Nyerere aliikataa, na tulikua vizuri tu. Tulitengeneza magari ya mabua.

Bi Mkunazini
Tanzania NZIMA? Mzee wangu, Zanzibar si Tanzania? Sisi tulikuwa na televisheni 1973, tena ya rangi, kabla ya nchi yoyote kusini mwa Sahara. Ninyi bara ndio mlingoja mpaka 1994.

Mzee wa Morogoro
Samahani, nilimaanisha bara. Lakini ya kwanza Afrika Mashariki ni Kenya, 1962.

Bi Mkunazini
Ya Kenya haikuwa ya rangi wakati huo. Nasema RANGI. Kila siku mnasema "Tanzania" mkimaanisha Dar na Morogoro, tumechoka.

Baba Neema
Mama Pacha kauliza habari ya watoto wake jamani.

Bi Mkunazini
Namjibu huyo huyo. Mtaani kwetu seti ilikuwa moja, ya wote, ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli. Ufunguo ulikaa kwa mzee mmoja. Akishafungua tunakaa mkekani, wadogo mbele, wakubwa nyuma, na bibi zetu wanasema juu ya kila kitu: huyu kavaa nini, yule muongo, sikilizeni shairi hili. Nusu ya ninayoyajua niliyapata kwa bibi wakati picha inaendelea. Mwanangu, wanao waliokaa na chai ikaganda, walikaa na nani?

Mama Pacha, Ngong
Walikaa wenyewe, Bi. Mimi nilikuwa jikoni, nilifurahi nyumba imetulia.

Shangazi wa Tanga
Nyumba ikitulia hivyo mimi huwa nakwenda kuchungulia.

Mume wa Mtu
Hata hivyo runinga ipeni haki yake. Wanangu wanakwenda shule, na sehemu za desimali walizielewa kwenye katuni za Ubongo Kids, darasani zilikuwa zimewashinda. Nilikaa nao, nikajifunza na mimi.

Mwalimu Mstaafu
Ulikaa nao. Sasa unaongea kama mwalimu.

Mama Pacha, Ngong
Mwalimu, hapo tumekubaliana kitu, japo sikutegemea. Saa moja ya mume wangu bado siitaki. Ila leo nimehamisha kiti changu kutoka jikoni. Bi Mkunazini, naomba nikuulize: yule mzee wa ufunguo akichelewa, mlikuwa mnafanya nini?

Bi Mkunazini
Tulicheza nage pale pale, jicho moja kwenye mpira na jingine mwisho wa kichochoro. Akitokeza tu, mpira tunauacha ulipo.

Mzee wa Morogoro
Na ya Kenya ilipata rangi lini?