Baba kaumia kichwa, sheria za bao zimemtoka. Tumrudishe vipi mchezoni?

Mwanakheri_Tanga

Salaam wakuu. Baba yangu aligongwa na bodaboda akaumia kichwa. CT scan ilionyesha damu kidogo sehemu ya mbele ya ubongo, hakupasuliwa. Sasa yuko nyumbani, anatembea, anaongea vizuri, ila wiki za kabla ya ajali hazikumbuki kabisa na mambo mapya hayakai: ukimwambia jambo asubuhi, mchana anauliza upya.

Bao ndilo pendo lake, bao la kiswahili la kunamua, yaani la kuingiza kete za mkononi ubaoni moja moja. Ukimwekea ubao mkono unasambaza kete upesi kama zamani. Tatizo akishakula kete za mpinzani hajui aanzie kichwa kipi (shimo la mwisho la safu ya mbele, kushoto au kulia), hajui kama bado wananamua au wameingia mtaji (awamu ya pili, kete za mkononi zikiisha), na zamu zinampotea. Mashimo ya kushoto kabisa mara nyingi anayaacha. Barazani wanamwambia "mzee, hebu kumbuka", anasusa na kuondoka. Je, kumsukuma akumbuke kunasaidia? Na kama kuna utaratibu wa kumfundisha upya, naomba mnieleze kwa hatua.

TibaKwaVitendo

Pole sana dada, na mpe pole mzee. Kumsukuma hakusaidii, na kuna sababu.

Kumbukumbu za matukio na sheria zinapita sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, ikishirikiana na sehemu ya mbele. Ustadi wa mikono unakaa kwingine, kwenye ubongo mdogo wa kisogoni na viini vya ndani kabisa. Mfano unaojulikana ni wa Mmarekani Henry Molaison. Mwaka 1953 alipasuliwa kutibu kifafa, akatoka hawezi kushika tukio jipya. Brenda Milner alimpa zoezi la kuchora nyota akitazama mkono wake kwenye kioo. Kila siku alichora vizuri zaidi, na kila siku alisema hajawahi kuliona zoezi hilo. Ndiyo maana mkono wa baba yako unasambaza kete wakati sheria zimemkimbia. Anzeni na mkono.

Ukimuuliza "unaanzia kichwa kipi?" naye hajui, atabahatisha. Mtu mwenye kumbukumbu nzima akikosea hukumbuka kwamba alikosea, safari ijayo akaepuka. Yeye tukio la kukosea litafutika, lakini mkono utabaki na kile ulichofanya, kwa hiyo kosa ndilo litakalozoeleka. Mwaka 1994 Alan Baddeley na Barbara Wilson wa Uingereza walionyesha kwamba watu wa namna hii hujifunza vizuri zaidi wakizuiwa kukosea tangu mwanzo. Basi mwonyeshe kabla hajakisia. Shika mkono wake uupeleke kwenye kichwa sahihi, afanye, arudie papo hapo. Baadaye punguza msaada kidogo kidogo: kwanza unashika mkono, kisha unaonyesha kwa kidole, kisha unatazama tu upande ule.

Kuhusu mashimo ya kushoto, usiyahesabu kuwa usahaulifu mpaka yachunguzwe. Mtu aliyeumia kichwa anaweza kupoteza sehemu ya uono, au ubongo ukaacha kuujali upande mmoja hata kama macho ni mazima. Tazama sahani yake: anabakiza wali upande wa kushoto? Mpe karatasi achore saa: namba zote zinarundikana kulia? Ukiona hivyo mrudishe hospitali wampime macho na upande huo. Wakati mnasubiri, funga kitambaa chekundu ukingo wa kushoto wa ubao, akiguse kabla ya kila zamu. Kukigusa kunavuta macho mpaka mwisho wa safu.

KeteZaMkomwe

TibaKwaVitendo kasema vyema. Upande wa bao fanyeni hivi.

Msimwanzishe na namua. Namua ina mambo mengi mno kwa wakati mmoja: kete 22 mkononi, 6 kwenye nyumba (shimo kuu la safu ya mbele), mbili mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata kulia, halafu kila zamu lazima aangalie kama kuna kula. Anzeni na mafumbo madogo, kisha bao la kujifunza, ambalo kila shimo lina kete 2, zote 64 zikiwa ubaoni. Hakuna kunamua, hakuna nyumba.

Fumbo la kwanza. Safisha ubao. Hesabu mashimo ya safu yake ya mbele kuanzia kushoto kwake. Shimo la 2 weka kete 2, la 4 weka kete 1. Kwa mpinzani, shimo linalokabili la 4, weka kete 2. Achukue zile za shimo la 2 asambaze kwenda kulia: moja la 3, moja la 4. Ya mwisho imekuta kete, na mbele yake kuna kete, kwa hiyo anakula 2. Alikuwa anaelekea kulia, basi anaanzia kichwa cha kushoto ili mwelekeo usibadilike: moja la 1, moja la 2. La 2 lilikuwa tupu, analala, yaani zamu yake inaisha. Matokeo kuanzia kushoto ni 1, 1, 1, 2. Mrudieni fumbo hilohilo mpaka mkono uende wenyewe.

Halafu pangeni fumbo upya, ila ongezeni kete moja tu kwa mpinzani, ziwe 3. Sasa kete ya mwisho inaangukia shimo la 3 lenye kete, mbele yake patupu, kwa hiyo anazoa zote mbili na kuendelea: la 4, la 5, analala. Kete moja imebadilisha safari nzima. Hapo ndipo utamu wa bao ulipo, na mara nyingi mtu aliyelijua huinua kichwa akatabasamu.

Fumbo la kimbi lije baadaye, kwa sababu linavunja kanuni hiyo ya mwelekeo: akila kwenye kichwa au shimo la jirani yake, lazima aanzie kichwa kilicho karibu. Ukichanganya yote mawili siku moja utamvuruga.

Mpangilio ninaoushauri: mafumbo ya kula, kimbi, bao la kujifunza zima, kunamua, kutakata (zamu ya kusambaza bila kula), na nyumba mwisho kabisa. Katika kutakata mkumbushe kila mara kwamba zamu iliyoanza kwa kutakata haina kula mpaka iishe. Hapo hata wazima huteleza.

mjukuu_wa_baraza

Mimi nasema mwacheni ashinde mechi kadhaa apate moyo.

KeteZaMkomwe

Hapana ndugu. Mchezaji wa zamani huliona bao la kupewa, na litamuumiza kuliko kushindwa. Mpeni fumbo analoliweza, alimalize kwa haki yake.

Mwanakheri_Tanga

Mungu awabariki. Nimetazama sahani, kweli wali wa kushoto unabaki, namrudisha hospitali. Je, hii ya zamu na namua/mtaji tuifanyeje? Na acheze kwa muda gani?

TibaKwaVitendo

Umefanya vyema kuangalia sahani. Wakikuelekeza kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo, nenda na ubao wenyewe, aone anavyocheza.

Zamu: tafuteni kitu kimoja, kofia ndogo au kizibo kikubwa. Mwenye zamu anakiweka mbele yake, akimaliza anamsogezea mwenzake. Baba hatahitaji kukumbuka, atatazama. Namua au mtaji: kete za mkononi ziwekeni kwenye bakuli kulia kwake. Bakuli lina kete, ananamua. Bakuli tupu, mtaji.

Sheria chache za maneno zipeni vipindi vinavyorefuka. Mwambie: "Ukila huku unaelekea kulia, unaanzia kichwa cha kushoto." Muulize baada ya nusu dakika, kisha dakika 1, 2, 4, 8. Akikwama mpe jibu mara moja, alitamke, kisha rudi kwenye kipindi cha mwisho alichoweza. Sheria moja kwa siku inatosha.

Muda: anza na dakika 15, asubuhi, akiwa amelala vya kutosha. Ubongo ulioumia unachoka kabla mwili haujachoka. Ukiona anasugua macho, anarudia kuhesabu, au anakuwa mkali, funga ubao hata kama fumbo halijaisha. Mkimaliza, andikeni kwenye daftari fumbo lipi limefanyika na msaada gani alipewa, ili kesho anayekaa naye aanzie hapohapo.

Barazani bado. Watazamaji wanapaza sauti, kila mmoja anatoa shauri lake, na mashauri yasiyo sahihi yatamkaa mkononi. Aanze na mpinzani mmoja mpole, redio ikiwa imezimwa, kisha mtazamaji mmoja anayenyamaza.

Dawa alizopewa, hasa kama zipo za kuzuia degedege, asiache bila daktari hata kama zinamletea usingizi. Na akiumwa kichwa kunakozidi, akitapika, akisinzia isivyo kawaida, akidhoofika upande mmoja au akipata degedege, msisubiri kesho, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo. Damu iliyokuwa ndogo inaweza kuongezeka taratibu hata wiki kadhaa baada ya ajali.

KeteZaMkomwe

Nyongeza ndogo: tumieni ubao wake mwenyewe na kete zilezile za mbegu za mkomwe. Kete za plastiki ni nyepesi na hazilii vilevile zikianguka, na mkono wake umezoea uzito na mlio wa zile. Ukifika wakati wa nyumba, niandikie hapa, nitakuwekea mafumbo ya kulala na ya kusafiri (kuzisambaza kete za nyumba), moja moja.