Kifaa cha kuchunia ganda la nje la kebo bapa: ninunue au nitengeneze?

Mwanagenzi wa Langoni

Assalamu alaikum mafundi. Ninajifunza kazi ya umeme hapa Lamu, na kwa sasa tunaweka nyaya katika nyumba ya kale ambayo kuta zake ni za matumbawe na chokaa, kwa hiyo kebo zinapita juu ya ukuta na kando ya boriti badala ya kuchimbiwa. Tunatumia kebo bapa, zenye nyaya mbili zilizovikwa plastiki na waya wa ardhi ulio wazi katikati: za milimita za mraba 1.5 kwa taa na za 2.5 kwa soketi.

Ganda la nje ndilo linalonitesa. Ninalichana kwa kisu, na juzi fundi wangu aliukunja waya mmoja kidoleni, mkwaruzo nisiouona ukafunuka kama mdomo na shaba ikatokeza. Kebo ilikuwa imekwisha kukatwa kwa kipimo, ikabidi tuvute nyingine. Ninaomba ushauri wenu kuhusu kifaa kinachofaa.

Fundi wa Mkomani

Waalaikumu salaam, ndugu yangu. Usinunue koleo lenye matundu ukidhani litakutosha, kwa kuwa matundu yale ni ya plastiki ya ndani, ya waya mmoja mmoja. Vile vifaa vyenye wembe unaozungushwa ni vizuri kwa kebo ya duara, lakini kwenye kebo bapa huuma kingo na kuacha pande bapa bila kukatwa.

Mimi hutumia waya wa ardhi wenyewe. Pasua ganda katikati, mwishoni kabisa, kiasi cha sentimita tatu. Ushike waya huo kwa koleo na kebo kwa mkono wa pili, kisha uvute kuelekea nyuma, nao utalichana ganda mpaka unapotaka bila wembe kugusa kitu. Ile ncha iliyobanwa na koleo uikate, kwa sababu imeumia. Kama waya wa ardhi umevikwa plastiki yake, njia hii usiitumie.

Fundi mstaafu, Shela

Mwanangu, njia ya mwenzangu ni sahihi, ila mwisho wa mpasuo bado utahitaji kulikata ganda kwa mzunguko, na hapo ndipo vijana wengi wanapoharibu. Tafuta kipande cha mbambakofi kwa waunda majahazi, ukichonge mfereji ambao kebo italala bila kucheza, kisha ukaze wembe ukatokeza nusu milimita tu. Ganda ni kama milimita moja, na wembe haupaswi kulimaliza. Ukate nusu ya unene pande zote, kisha ukunje kebo huku na huku: litakatika lenyewe kwenye alama, nawe utalivuta kama soksi.

Shaba iliyokwaruzwa huwa nyembamba pale pale, hukatika ukiikaza kwenye skrubu, na ikibeba umeme mwingi hupata moto. Hapa kwetu kuna na hewa ya chumvi, ambayo huigeuza kuwa ya kijani haraka mno. Nimefungua soketi nyingi nikaukuta ugonjwa huo. Na usichune kebo iliyokwisha kuunganishwa kabla ya kuzima swichi kuu na kuthibitisha kwa kipimio, maana volti 240 hazisamehi.

Mwanagenzi wa Langoni

Shukrani nyingi, wazee wangu. Nimekitengeneza kifaa hicho na kukijaribu kwenye mabaki kumi na mawili ya kebo ya 2.5, nikikunja kila waya kidoleni. Kipande kimoja tu kilikuwa na mkwaruzo, kwenye ukingo, kwa sababu mfereji niliuchonga mpana kidogo. Je, nijaze pengo kwa ubao mwembamba?

Fundi mstaafu, Shela

Usijaze, mwanangu, utabanduka. Chonga kipande kingine, na cha 1.5 ukifanye peke yake.