Medali za babu huvaliwa kulia: tupeane uzoefu wa sare za heshima za jeshi

Ndugu zangu, hamjambo. Nafungua uzi huu kwa sababu ya jambo lililonipata Jumapili ya pili ya Novemba, pale makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi. Babu mzaa mama alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la mkoloni. Alipigana Burma na Waafrika Mashariki walioteremka bonde la Kabaw mwaka 1944 mpaka mto Chindwin. Hakuwa msemaji. Tukila nyama soko la Burma hapa Nairobi, jina hilo tu lilitosha kumnyamazisha. Alituachia medali nne ndani ya kopo la Kimbo, na mwaka huu mama akataka mmoja wetu azivae. Nikazibandika kushoto, juu ya moyo, kama zilivyo kwenye picha yake.

Kabla tarumbeta haijalia, mzee mmoja mstaafu alinisogelea, suti ya buluu, bereti imemkaa barabara.

“Mjukuu wangu, hizi ni za nani?”

“Shikamoo mzee. Ni za babu.”

“Marahaba. Basi zihamie kulia. Kushoto ni pa mwenyewe aliyezipigania.”

Hakunikaripia. Alinishikia pini huku mimi nafungua, vidole vyake vinatetemeka, akahakikisha zimenyooka. Watu wote pale wangejua, bila kuuliza, kwamba nimemvalia mtu asiyekuwepo. Toka siku hiyo nataka kusikia yenu: kofia, mikanda, vifungo, chochote mlichofunzwa au kilichowakuta.

Binti wa Kambini

Umenikumbusha baba. Alikuwa sajini, na mwaka aliochaguliwa kwa gwaride la Jamhuri, usiku wa kuamkia tarehe 12 Disemba hakuna aliyeruhusiwa kugusa meza. Alikuwa na kibati chembamba cha shaba chenye mwanya katikati. Unapitisha vifungo vya koti kwenye ule mwanya hadi vijipange juu ya bati, kitambaa kibaki chini, ndipo unapaka Brasso, dawa ya kung'arisha shaba. Ukipaka bila bati, kitambaa kinabaki na doa jeupe, na doa hilo halifichiki. Kazi yangu ilikuwa kushika bati lisiteleze. Nilikuwa na miaka minane, na sijawahi kupewa kazi kubwa kuliko ile.

Asubuhi, akishavaa, hakukaa kitini tena. Mikunjo ya suruali ilikuwa imepigwa pasi hadi inasimama. Chai alikunywa wima, mama amemshikia sahani ya kikombe chini ya kidevu tone lisianguke. Mwisho kabisa mama ndiye aliyempitishia ule mshipi mwekundu wa masajini, kutoka bega la kulia hadi nyonga ya kushoto. Halafu sote tukatoka mlangoni kumwangalia akipanda lori. Alipanda polepole kama aliyebeba mayai.

Mstaafu

Binti, baba yako alifunzwa vizuri. Niongeze machache. Vijana wengi wanadhani saluti hupigwa wakati wowote. Sisi tulifunzwa kwamba kichwa kikiwa wazi, mkono haupandi: unasimama wima tu. Na ule mkanda wa ngozi wa maafisa, wenye ukanda unaopita bega la kulia, si pambo. Unaitwa Sam Browne, jina la afisa Mwingereza aliyepoteza mkono wa kushoto vitani India mwaka 1858. Mkono wa kushoto ndio ulioshika ala ya upanga, kwa hiyo akabuni ukanda wa kubeba uzito ule. Mkufunzi alitusimulia hadithi hii tukiwa tumechoka na jua la uwanjani, na tangu hapo sikuutazama mkanda ule kwa jicho lilelile.

Kijana wangu alipooa aliniomba nivae sare kanisani. Nilimkatalia, ingawa iliniuma. Nilipostaafu, sare niliirudisha. Medali ni zangu, hizo nilivaa, kushoto, kwenye suti nyeusi.

Kijana wa Kariokor

Mimi nilinunua koti la mitumba lenye madoadoa ya kijani, zuri, zito, wakati wa baridi ya Julai. Sikufika mbali. Nililala kituo cha polisi. Sheria inamkataza raia kuvaa sare ya jeshi au inayofanana nayo, nami sikujua. Nilikasirika sana wakati ule. Sasa nikisoma habari za yule baba aliyekunywa chai wima, naelewa walichokuwa wanalinda.

Ila niseme na la wazee wetu. Mtaa huu umepewa jina la wapagazi wa vita vya kwanza, Carrier Corps, ulimi wetu ukaligeuza Kariokor. Wale hawakuwa na koti la gwaride la kupigwa pasi. Ukipita Kenyatta Avenue, kwenye zile sanamu tatu, mpagazi yupo pamoja na askari. Simameni mumtazame.

Mjane

Jeneza la mume wangu lilifunikwa bendera, juu yake kofia na mkanda wake. Kabla ya kuteremshwa, askari mmoja aliichukua kofia kwa mikono miwili na kuniletea. Ndani, kwenye ule ukanda wa ngozi, bado kuna alama ya jasho lake. Watoto wanaruhusiwa kuishika. Kuivaa, hapana.

Mwanzisha uzi

Mama Mjane, pole sana. Asante kwa kutuambia.

Mzee Mstaafu, nisaidie jambo moja: kati ya zile medali za babu, utepe wa ile iitwayo nyota ya 1939–45 umechanika. Fundi anaweza kuubadilisha?

Mstaafu

Anaweza. Mwambie utepe ni milimita 32 kwa upana, na nyota yenyewe asiisugue kwa dawa yoyote. Utepe wa nyota ya Burma hausumbui, pande zake mbili zinafanana. Huo wa 1939–45 una rangi tatu: buluu nzito ya wanamaji, nyekundu ya jeshi la nchi kavu, buluu ya mbingu ya wanahewa. Buluu nzito ikae upande wa mkono wa kulia wa mvaaji. Mafundi wengi huigeuza, kwa hiyo simama hapo hapo mpaka ashone.