Wakili niliyesomea nje, natafuta kazi ya msaidizi wa kisheria Uingereza: naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Mimi ni wakili mwenye uzoefu wa miaka sita, zaidi kwenye mikataba na kesi za madai. Nimehamia Uingereza kumfuata mwenzangu, na viza yangu inaniruhusu kufanya kazi, kwa hiyo hapo sina shida.

Shida ni waajiri. Naomba nafasi za msaidizi wa kisheria, najibiwa mambo mawili yanayopingana: mmoja anasema elimu yangu imezidi kazi yenyewe, mwingine anasema sina uzoefu wa hapa. Inaniuma, maana kupanga majalada, kutafiti sheria na kuandaa nyaraka za mahakama ndiyo kazi niliyoifanya miaka yote.

Najua hapa England msaidizi wa kisheria hahitaji leseni, tofauti na Ontario kule Kanada. Najua pia mtihani wa SQE, yaani mtihani wa kufuzu kuwa wakili (solicitor) hapa, ulioanza 2021, uko wazi kwa mawakili wa nje. Ila ada yake ni kubwa, nataka kwanza nipate kipato.

Sasa naomba mnisaidie. Kwenye wasifu niandike wazi kwamba ni wakili, au nitangulize kazi nilizofanya na cheo kije chini? Kuficha kabisa sitaki, naona si uaminifu. Na je, kujitolea kwenye vituo vya msaada wa kisheria kunahesabika kweli machoni pa waajiri, au nitapoteza miezi bure?

Aliyepita njia hii, tafadhali aniambie alianzia wapi.